Taulo za kike za kufua kwa wasichana wa shule: anza na kamba ya kuanikia

Miongozo mingi ya kushona taulo za kike huanza na kitambaa. Huu unaanza na kamba, kwa sababu kushona ndiyo kazi nyepesi kuliko zote: fundi wa mtaani akishika kiolezo leo, kesho anakuletea dazeni. Kinachowashinda watu ni yanayofuata, yaani taulo itafuliwa kwa maji gani, itaanikwa wapi na itabadilishwa kwenye choo kipi. Nimeona maboksi ya taulo za msaada, nzuri kabisa, yakigawiwa kwa hotuba na picha, na muhula haujaisha wasichana wameshazirudia tambara za kanga. Hawakuzikataa zile taulo. Hawakuwa na pa kuzianika.

Ninawaandikia walimu walezi, akina mama na vikundi vya ushonaji vinavyozihudumia shule za sekondari za kata, hasa mikoa mikavu kama Singida na Dodoma, ambako maji ni ya kusaka. Wa pwani na wa kanda ya ziwa watapunguza hapa na kuongeza pale.

Hesabu kwanza, ili mzazi atakayekuuliza "kwani za dukani zina ubaya gani?" apate jibu. Msichana anayebadilisha mara nne kwa siku, kwa siku tano, anatumia vipande 20 kwa mwezi. Tukiiweka pakiti ya vipande 10 kwa shilingi 2,500, hiyo ni 5,000 kila mwezi, na kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne ni shilingi 240,000. Kwenye nyumba yenye mabinti wawili, zidisha mwenyewe. Vipande navyo ni 960 kwa miaka hiyo minne, vingi vikiishia kwenye shimo la choo, ambako plastiki iliyomo haiozi na gari la kunyonya likija bomba linaziba.

Kuhusu bei kushuka, tusikae tukingoja. Mwaka 2018 Serikali yetu ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, bei madukani haikushuka ilivyotarajiwa, na mwaka 2019 kodi ikarudi. Wakenya waliiondoa kodi hiyo tangu 2004, na mwaka 2017 wakaweka kwenye sheria ya elimu kwamba mwanafunzi wa kike aliyebalehe apewe taulo bure na serikali. Ni hatua nzuri na tuzidi kuzidai. Ila binti akiingia mwezini Jumatatu, bajeti ya Juni haimsaidii.

Kwanza: pa kuanika

Kabla hujanunua hata robo mita, kaa na wasichana bila mwanaume yeyote chumbani na uwape vikaratasi visivyo na majina. Maswali matatu yanatosha: unafulia wapi, unaanika wapi, na hutaki nani aone. Usiwaulize kwa kunyoosha mikono, maana utapata majibu ya kumfurahisha mwalimu.

Majibu hayatofautiani sana shule hadi shule. Chini ya godoro. Nyuma ya mlango. Ndani ya sanduku. Chini ya nguo nyingine kwenye kamba, tena nguo nzito kama suruali ya kaka. Kote huko kitambaa hakikauki. Kinabaki na unyevunyevu, kinaanza kunuka, na mwezi ujao kinavaliwa hivyohivyo. Miwasho na vipele ambavyo watu huvitupia lawama za "hizi taulo za kufua" vingi vinatokea hapo. Bibi zetu walipiga uwinda wa kanga kuukuu miaka na miaka. Kitambaa chenyewe hakijawahi kuwa adui.

Kuna jibu moja ambalo wageni hulipita haraka: hofu kwamba mtu ataichukua tambara yenye damu akaifanyie uchawi. Usiicheke hofu hiyo na usiihubirie. Msichana anayeogopa hivyo hataanika hadharani hata umfundishe habari za bakteria mpaka jua lizame. Mpe kitu ambacho kikiwa kwenye kamba hakijulikani ni nini. Ndiyo maana muundo ninaoupendekeza una sehemu mbili: kibebeo kinachofungwa kwenye chupi, na kitambaa cha kunyonya ambacho kikikunjuliwa kinakuwa mraba wa kawaida tu, mtu angedhani ni kitambaa cha kufutia uso. Shirika la Days for Girls, ambalo chimbuko lake ni kituo cha watoto yatima jijini Nairobi mwaka 2008, lilibadilisha muundo wake mara nyingi likisikiliza watumiaji mpaka likatua kwenye kitambaa cha kukunjua cha namna hiyo. Muundo huo una faida ya pili, tena kubwa: kitambaa cha safu mbili kilichotandazwa hukauka upesi, wakati taulo nene iliyoshonwa pamoja hubaki mbichi katikati hata ukiikuta kavu juu.

Baada ya hapo kila msichana achague mahali pake. Nyuma ya uzio wa bafu la matete ni pazuri kama jua linafika kuanzia saa nne hadi saa nane. Asiye na pa faragha kabisa afunike kwa kanga nyepesi ya safu moja. Jua litapungua lakini upepo utapita. Wa bweni waombe kamba yao nyuma ya bweni, upande usioelekea uwanjani. Kamba na misumari havihitaji mfadhili.

Pili: choo, saa nne asubuhi

Choo cha shule usikikague saa mbili kikiwa kimetoka kufagiliwa. Nenda saa nne, wakati wa mapumziko, ukae pembeni uangalie.

Shule moja ya kata niliyoitembelea ilikuwa na matundu mapya, mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu, na maandishi WASICHANA. Walikuwa wanaingia wawiliwawili. Mmoja anaingia, mwenzake anabaki nje ameuegemea mlango kwa mgongo, kwa sababu komeo la ndani lilikatika na tundu lake limebaki tupu. Aliyeingia alikuwa ameuma mfuko wake kwa meno, maana sakafu ilikuwa imelowa na ukutani hapakuwa na hata msumari mmoja. Kengele ikalia. Yule wa nje akaondoka mbio, na mlango ukafunguka wenyewe.

Komeo na msumari. Vyote viwili havifiki bei ya pakiti mbili za taulo.

Ukiwa pale angalia mambo haya: mlango unafungwa kwa ndani, kuna msumari wa kuning'inizia mfuko kwa kimo cha msichana, kuna ndoo yenye bomba la kufungulia au hata kibuyu chirizi (kidumu kinachoning'inizwa na kuchirizisha maji ya kunawa), na sabuni iliyofungwa kamba isiibwe, kuna kapu lenye mfuniko kwa wanaotumia za dukani. Mwongozo wa kitaifa wa maji na usafi shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabu ya shule yako iandike kwenye karatasi uipeleke kwenye kikao cha bodi, maana wajumbe husikia namba haraka kuliko malalamiko. Shule zilizojengewa chumba cha wasichana cha kujisitiri, chenye maji na kichomea taka, angalieni kama ufunguo wake unapatikana. Mara nyingi uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda semina.

Tatu: kitambaa

Vinahitajika vitambaa vya aina tatu.

Cha kugusa mwili na kufunika nje kiwe pamba tupu, laini, chenye rangi iliyokolea au maua. Kanga ya pamba inafaa, kitenge kigumu hakifai. Vitenge vingi vya bei nafuu ni polista. Choma uzi mmoja, ukiyeyuka na kuacha kijidonge kigumu, hiyo si pamba.

Cha kunyonya ni pamba yenye unene kidogo. Nenda kwenye mitumba ukatafute mashuka ya baridi yenye manyoya mepesi, au fulana za pamba zilizovaliwa sana. Zile kuukuu hunyonya vizuri kuliko mpya. Taulo la kuogea lililochakaa nalo linafaa ila ni zito, na uzito ni masaa ya kukauka.

Cha kuzuia maji ndicho kinachowasumbua wengi. Mwavuli uliovunjika vyuma una kitambaa kizuri kwa kazi hii, na koti la mvua jepesi pia. Kijaribu: kitandaze juu ya karatasi, mwagia kijiko cha maji, kaa robo saa, kisha tazama karatasi. Usitumie mfuko wa plastiki. Unapasuka baada ya kufuliwa mara chache, unapiga kelele msichana akitembea, na unamtokota kwa joto.

Ongeza uzi wa polista, na vile vifungo vya kubonyeza vinavyowekwa kwenye nguo za watoto wachanga. Visipopatikana, kifungo cha kawaida na tundu lake vinatosha.

Fua vitambaa vyote na uvipige pasi kabla ya kukata. Pamba mpya ina wanga wa kiwandani unaofanya maji yateleze juu, na tena hupungua ikifuliwa. Ukikata kwanza, taulo itajikunja kama jani la mgomba juani.

Nne: kukata na kushona

Chora kiolezo kwenye karatasi ngumu. Kasha la sabuni linafaa. Vipimo vyote hapa tayari vina sentimita moja ya mshono kila upande.

Kibebeo: chora umbo refu la sentimita 27, upana 10, ncha zote mbili ziwe za mviringo. Katikati, kila upande, ongeza bawa la kimo cha sentimita 8 linalotokeza sentimita 5, ili upana wote kwenye mabawa uwe 20. Kona ambapo bawa linakutana na mwili zilainishe, zisiwe kali, maana kona kali hukataa kugeuka. Kata vipande viwili vya pamba na kimoja cha kuzuia maji.

Kata pia kanda mbili za pamba, kila moja sentimita 4 kwa 10. Zikunje kwa urefu, kingo zikiingia ndani, uzishone ziwe na upana wa karibu sentimita moja na nusu. Hizi ndizo zitakazoshika kitambaa cha kunyonya.

Sasa mpangilio, na hapa mafundi wazuri hukosea kwa haraka. Chukua pamba ya juu, ile itakayogusa mwili, uilaze uso wake ukitazama juu. Weka kanda moja ikivuka upana, sentimita 4 kutoka ncha ya mbele, na nyingine vivyo hivyo kwa nyuma. Ncha za kanda zifike ukingoni. Juu yake laza pamba ya nje, uso ukitazama chini. Juu kabisa weka kile cha kuzuia maji. Bana kwa pini ukingoni tu. Pini ikitoboa katikati ya kitambaa cha kuzuia maji, tundu hilo halizibiki, na ndipo damu itakapopitia. Kwa sababu hiyohiyo usipige mshono wowote wa urembo katikati.

Shona kuzunguka, sentimita moja kutoka ukingoni, ukiacha uwazi wa sentimita 6 kwenye ubavu ulionyooka. Katia vijikato vidogo kwenye mizunguko, usiguse uzi. Geuza kupitia uwazi, sukuma mabawa kwa penseli, ziba uwazi, kisha piga mshono wa pili kuzunguka kote, nusu sentimita kutoka ukingoni. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, sindano ikirudi nyuma kila hatua. Ni polepole lakini hakufumuki.

Vifungo viweke kwenye mabawa, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni: jike upande mmoja, dume upande wa pili, vikitazamana mabawa yakikunjwa chini ya chupi. Vikifungwa, upana unabaki sentimita saba na nusu, ambao unakaa kwenye chupi nyingi za wasichana. Mwenye mwili mdogo msogezee vifungo ndani kidogo.

Kitambaa cha kunyonya: kata miraba miwili ya sentimita 23 kwa 23, ishone pamoja, igeuze, upate mraba wa 21. Ukikunjwa sehemu tatu sawa unakuwa sentimita 7 kwa 21, safu sita, na ncha zake zinaingia chini ya zile kanda. Siku nzito na usiku weka viwili.

Kila msichana apate vibebeo vitatu, vitambaa vya kunyonya vinane, na mifuko miwili ya kufunga kwa kamba: mmoja wa pamba kwa visafi, mmoja wa kitambaa cha mwavuli kwa vilivyotumika. Halafu chupi mbili. Nasisitiza chupi, kwa sababu ndicho kitu kinachosahaulika katika kila bajeti niliyowahi kuiona. Taulo yenye mabawa bila chupi inayobana haina pa kushika, na wapo wasichana wenye chupi moja tu, iliyolegea. Mche wa sabuni nao uingie kwenye mfuko.

Tano: kuvaa siku ya shule

Waonyeshe kwa vitendo, juu ya chupi mpya iliyolazwa mezani, na uwaache wafunge na kufungua wenyewe mpaka waache kucheka.

Msichana abadilishe alfajiri kabla ya kutoka nyumbani, abadilishe tena mapumziko ya saa nne, na tena kabla ya kuanza safari ya kurudi. Yasizidi masaa sita, hata kama damu ni kidogo. Shuleni anatoa kitambaa cha kunyonya tu, kibebeo kinabaki mahali pake isipokuwa kama kimelowa. Kilichotumika anakikunja upande mchafu ukiwa ndani, anakiweka kwenye mfuko usiopitisha maji, na kufua ni nyumbani. Kwa hiyo choo cha shule hakihitaji maji ya kufulia. Kikiwa na maji ya kunawa, kinatosha.

Sita: kufua

Afue jioni ileile. Kuloweka mpaka kesho kunaleta harufu ambayo haitoki tena.

Maji ya kwanza yawe baridi. Maji ya moto huikaanga damu ikagandia kwenye nyuzi, na doa hilo ni la kudumu. Aloweke kwa nusu saa kwenye ndoo yake, amwage maji hayo chooni, apake sabuni ya mche, afikiche, asuuze mpaka maji yatoke meupe. Kwa vitambaa vitatu au vinne ndoo ya lita 10 inatosha, ikigawanywa mara tatu. Wanaochota kisimani mbali watashukuru kuambiwa namba hiyo, kwa sababu wengi hudhani inahitajika ndoo nzima kwa kila kimoja.

Dawa za kung'arisha zinakula kitambaa cha kuzuia maji, na zile za kulainisha nguo huacha utando unaokataa kunyonya. Vibebeo visichemshwe. Vile vitambaa vya kunyonya vinaweza kuchemshwa baada ya damu kutoka yote, mara moja kila baada ya hedhi kama kuni zipo.

Akunjue kitambaa, akitandaze kwenye kamba ile mliyokwisha kuipanga. Wakati wa mvua zisizokatika, aninginize karibu na joto la jiko, mbali na moshi, na amalizie kwa pasi ya mkaa. Kipimo cha ukavu ni shavu: kitambaa kikigusishwa shavuni na kikahisi baridi, bado. Asikihifadhi.

Madoa ya rangi ya chai si uchafu. Kitambaa cha kutupa ni kile kilichokuwa chepesi mpaka unaona mwanga, au kinachonuka baada ya kufuliwa na kukauka. Kikitunzwa kinakwenda mwaka na zaidi.

Sanduku la dharura, na watu wanaolizunguka

Hata msichana mwenye vifaa vyote atakuja kushtukizwa katikati ya kipindi. Shule iwe na sanduku: pakiti chache za dukani, chupi mpya za saizi mbili, sketi ya sare ya akiba, kanga, sabuni, na dawa ya maumivu inayotolewa na mwalimu wa afya. Ufunguo akae nao mwalimu wa kike pamoja na viranja wawili wa kike wa vidato tofauti. Usiliweke ofisini ambako binti atapita mbele ya walimu saba akieleza shida yake. Wala usiweke daftari la kusaini majina. Hesabu vilivyobaki kila Ijumaa, utajua vimetumika vingapi.

Walimu wa kiume wanahitaji kikao kifupi, dakika ishirini hivi. Waambiwe kwamba msichana akikataa kusimama kujibu swali, au akiomba kutoka mara ya pili, wasimlazimishe kueleza mbele ya darasa. Wengi ni baba wa mabinti na wanaelewa wakiambiwa wazi, hawakuwahi kuambiwa.

Wavulana nao wasifukuzwe kwenye somo. Nimependa namna shule nyingine zinavyowapa kazi ya kupima na kukata violezo. Mvulana aliyekata vitambaa ishirini kwa mkasi wake hana tena cha kuchekea akiona kimoja kimedondoka.

Makungwi, yaani wanawake wanaofundisha unyagoni, kwa maeneo yenye jando na unyago, waiteni mapema. Ndio wanaomfunda mwali kwanza kuhusu kujitunza, kabla ya mwalimu yeyote. Kungwi akikubali kwamba kitambaa kianikwe juani, mmemaliza nusu ya kazi.

Maumivu, na dalili za kwenda zahanati

Kuna wasichana wana taulo, wana choo, na bado hawaji shule, kwa sababu tumbo linawakata. Maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa kitambaa, ikiwekwa chini ya kitovu, yanasaidia sana, na dawa ya maumivu humezwa mapema, kabla maumivu hayajapanda. Ila aende zahanati akiwa analowesha taulo kila saa kwa masaa kadhaa, akitokwa damu zaidi ya siku saba, akizimia au kuishiwa nguvu, akiwa na uchafu wenye harufu kali, au maumivu yakimlaza kitandani kila mwezi. Aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye aonwe na mhudumu wa afya, bila kelele.

Kujua kama inafaa

Fungua daftari la mahudhurio. Hesabu siku ambazo wasichana hawakuja katika muhula kabla ya mradi, kisha muhula baada yake, darasa zima kwa jumla. Usihesabu kwa kumfuatilia binti mmojammoja, hiyo inageuka upelelezi. Linganisha na wavulana wa darasa hilohilo, maana msimu wa kulima na siku za mnada huwaondoa wote. Utofauti ukiwa mdogo, usikimbilie kulaumu taulo. Rudi kwenye choo saa nne, uangalie kama komeo bado lipo.

Kazi ya kushona wapeni wenye haja nayo. Vikundi vya akina mama vinaweza kuomba mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vinafundisha ushonaji. Kikundi kikitaka kuuza madukani, kianzie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambao huwaelekeza wajasiriamali wadogo mpaka kufika TBS, shirika la viwango, kupata alama ya ubora.

Kidato cha kwanza wanaripoti Januari. Vitambaa vinunuliwe Septemba na vifike kwa fundi Oktoba, maana kuanzia katikati ya Desemba kila cherehani mtaani inashona sare, na taulo zenu zitakaa chini ya meza mpaka Machi.